Upasuaji wa Matundu Madogo si Anasa: Hoja kutoka Milima ya Upare



Ipo kauli ambayo nimeisikia mara nyingi mno katika makongamano ya sera za afya, na kila niisikiapo hunikera upya. Kauli hiyo husema kwamba mwananchi wa wilaya kama Same anahitaji zahanati, chandarua na dawa za maumivu; kwamba mambo ya kuziba mishipa ya damu kwa mrija mwembamba uliopenyezwa kupitia kinenani, au ya kutibu tumbo kwa matundu madogo badala ya kulipasua, ni anasa za Ulaya na Marekani ambazo nchi maskini haina budi kuzitazama kwa mbali. Husemwa kwa upole na watu wenye elimu, ambao wengi wao wana kadi za bima zinazowafikisha popote watakapo.

Leo nataka kuipinga kauli hiyo, na nitatumia ugonjwa mmoja ambao huenda hujapata kuusikia: uvimbe wa ateri ya bandama. Nimeuchagua kwa makusudi, tena kwa sababu ni adimu. Ikiwa hoja yangu itasimama kwa ugonjwa adimu, basi kwa magonjwa ya kila siku itasimama imara zaidi. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa chuo kikuu katika fani ya sayansi ya jamii, na kazi yangu ni kuuliza nani anapata nini, nani anakosa, na kwa hoja ya nani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Bandama, ambayo wengine huiita wengu, imejificha upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Hulishwa damu na ateri moja nene yenye mapindapinda, inayopita nyuma ya mfuko wa chakula, kando ya kongosho. Yapo mazingira ambamo ukuta wa ateri hiyo hudhoofika mahali pamoja, ukatuna kama mpira wa baiskeli uliochoka unavyotuna kabla ya kupasuka. Madaktari huuita uvimbe huo anurizimu. Miongoni mwa ateri zote zinazolisha viungo vya ndani ya tumbo, hii ya bandama ndiyo inayoongoza kwa kupatwa na uvimbe wa aina hiyo. Jambo hili si geni katika elimu ya tiba: Beaussier aliueleza mwaka 1770, baada ya kuuona katika maiti.

Uvimbe huu kwa kawaida hauumi na hautoi dalili. Wanawake huupata takriban mara nne zaidi ya wanaume, na hasa waliobeba mimba nyingi, kwa kuwa ujauzito huongeza wingi wa damu mwilini na kulegeza kuta za mishipa. Huwapata pia watu ambao ini lao lina makovu kiasi kwamba damu inayoelekea huko hukosa njia, ikarudi nyuma na kuijaza bandama. Mtu anaweza kuishi nao miaka mingi, akalima, akachota maji, akazaa, asijue kwamba amebeba puto ndani ya tumbo lake.

Siku likipasuka, hali hubadilika kwa dakika. Kwa mwanamke mjamzito, ripoti zilizokusanywa na madaktari duniani zinaonyesha kwamba takriban akina mama watatu kati ya wanne hufariki, na watoto waliomo tumboni hawaponi ila wachache mno. Hata hivyo, maumbile yenyewe huacha mwanya. Kwa baadhi ya wagonjwa, kama robo hivi, mpasuko huja kwa awamu mbili. Kwanza damu humwagika katika kifuko kidogo kilichoko nyuma ya mfuko wa chakula. Kifuko kikijaa, damu hujibana yenyewe kwa muda. Mgonjwa aliyekuwa amezimia huzinduka, mapigo yake yakarejea, rangi ikamrudia. Baadaye, pengine baada ya saa chache, pengine baada ya siku mbili, damu huvunja kizuizi na kumwagika tumboni kote. Kati ya mpasuko wa kwanza na wa pili ndipo mtu anapoweza kuokolewa.

Sasa nakuomba, msomaji, uuchukue muda huo uuweke kwenye ramani ya wilaya ya Same. Chukua mama mjamzito wa Chome au Vunta, juu mlimani, mahali ambapo barabara ni ya udongo na mvua za masika hazina huruma. Akiwa shambani anashikwa na maumivu makali ya tumbo upande wa kushoto, anaanguka, anazimia. Majirani wanamkimbilia. Kabla hawajampata mwenye pikipiki, amezinduka na anaomba maji. Watamshukuru Mungu, watamlaza, watampa uji. Nani atawaambia kwamba kule kuzinduka kwake ndiko kunakohesabu saa? Na kama yupo wa kuwaambia, kutoka mlimani hadi mjini Same ni mwendo wa saa kadhaa, na kutoka Same hadi Moshi ni kama kilomita 100 nyingine. Akifariki usiku, msibani patasemwa mengi. Wapo watakaosema ni mimba, wapo watakaosema ni presha, na wapo watakaomtazama jirani kwa jicho la shaka, kwa maana kifo cha ghafla kisichoelezwa hutafuta mchawi wake.

Nimesema nimeuchagua ugonjwa huu kwa uadimu wake. Ninayo sababu ya pili, nayo ni ya kihistoria. Hakuna kiungo cha mwili wa Mpare kilichochunguzwa na wataalamu kuliko bandama.

Mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala chini ya Shirika la Afya Duniani, wakakubaliana kwamba ukali wa malaria mahali popote upimwe kwa kuhesabu watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye bandama iliyovimba. Miaka minne baadaye, mwaka 1954, ukaanza Mpango wa Malaria wa Pare na Taveta, uliogusa Upare upande wa Tanganyika na Taveta upande wa Kenya. Nyumba zilinyunyizwa dawa ya dieldrini hadi mwaka 1959. Ili kujua kama dawa ilikuwa ikifanya kazi, wataalamu walipima damu za watu na kubonyeza matumbo ya watoto wakitafuta ukingo wa bandama chini ya mbavu. Kazi ile ilikuwa ya maana, nami siidharau. Matokeo yake yaliandikwa katika majarida ya kisayansi, na mpaka leo wanafunzi wa tiba za nchi za joto huyasoma.

Hadithi haikuishia hapo. Wilayani Mwanga, ndugu zetu wa Upare ya Kaskazini, watoto wa shule wamefuatiliwa na watafiti kwa miaka kwa ajili ya kichocho, cha mkojo na cha tumbo pia. Kichocho cha tumbo kikikaa mwilini muda mrefu hujenga makovu kwenye ini. Ini lenye makovu huizuia damu, bandama ikavimba, na ateri yake ikabeba mzigo usio wake. Kwa maneno mengine, mazingira yanayoweza kuuzaa uvimbe wa ateri ya bandama yanafahamika vyema katika ukanda huu: mimba nyingi, malaria ya muda mrefu katika tambarare za Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio, na kichocho kwenye maji yaliyotuama.

Kwa hiyo bandama ya Mpare imepimwa, imehesabiwa na kuchorwa kwenye majedwali kwa miaka 70. Mwenye bandama anapoumwa, anaambiwa kwamba tiba ya kisasa ya kiungo hicho si ya hadhi yake. Huu ndio ukinzani ninaotaka uutafakari.

Tuitazame tiba yenyewe, maana wanaoiita anasa mara nyingi hawajui inafanywaje. Zamani njia ilikuwa moja: kulifungua tumbo kwa mkato mrefu, kuifunga ateri, na mara nyingi kuiondoa bandama yote. Leo zipo njia mbili nyingine. Ya kwanza ni upasuaji wa matundu madogo, ambapo daktari huingiza kamera na vifaa vyake kupitia matundu matatu au manne, akaufunga mshipa uliovimba. Ya pili ni tiba radiolojia. Mgonjwa hupigwa ganzi mahali padogo, kinenani au kwenye kifundo cha mkono. Mrija mwembamba huingizwa katika ateri na kuongozwa kwa picha za eksirei hadi kwenye ateri ya bandama. Hapo daktari hupanga nyuzi laini za platini zilizojikunja, ziitwazo koili, nyuma na mbele ya uvimbe, damu ikaganda na uvimbe ukazibwa. Bandama haifi, kwa sababu hupata damu ya akiba kutoka mishipa midogo inayotoka kwenye mfuko wa chakula. Mgonjwa ambaye uvimbe wake haujapasuka huweza kurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili.

Hapa ndipo hoja ya anasa inapoanguka, nami nitaiangusha kwa mambo matatu.

La kwanza ni damu. Upasuaji mkubwa wa tumbo huhitaji chupa za damu tayari kando ya kitanda. Katika wilaya zetu damu hutegemea ndugu wa mgonjwa na wanafunzi wa sekondari wanaojitolea. Shule zikifungwa, akiba hupungua. London yenye benki ya damu iliyojaa inaweza kumudu tiba inayomwaga damu. Same haiwezi. Ni nani basi mwenye haja kubwa zaidi ya tiba isiyomwaga damu?

La pili ni muda. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba hana likizo ya ugonjwa. Akifunguliwa tumbo atakaa wodini siku nyingi, na baada ya hapo wiki kadhaa hatabeba mzigo wala kushika jembe. Katika wiki hizo msimu utapita, ada za watoto zitakosekana, na ng'ombe mmoja atauzwa. Mfanyakazi wa ofisini mwenye mshahara anaweza kupona polepole. Anayeishi kwa nguvu za mwili wake ndiye mwenye haja ya tiba inayomrudisha shambani mapema.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni bandama yenyewe. Bandama ni chujio. Huziondoa katika damu chembe zilizoshambuliwa na vimelea vya malaria, na huukinga mwili dhidi ya bakteria wanaoleta nimonia kali na homa ya uti wa mgongo. Mtu aliyeondolewa bandama huko Ulaya huchanjwa, hupewa dawa za kukaa nazo nyumbani, na anaishi mahali pasipo na mbu wa malaria. Mtu aliyeondolewa bandama Ndungu hurudi kwenye mashamba ya mpunga, penye maji na mbu, mbali na hospitali. Homa ambayo kwa jirani yake ni ya siku tatu, kwake yeye yaweza kuwa ya mwisho. Kwa hiyo tiba inayoiokoa bandama ina thamani kubwa zaidi bondeni Ndungu kuliko ilivyo London. Waliotuambia kwamba tiba hii ni ya matajiri wameigeuza hesabu juu chini. Tajiri anaweza kuishi bila bandama. Maskini wa tambarare za Same, ni mashaka.

Najua majibu yatakayoletwa, na ni haki niyajibu.

Jibu la kwanza: ugonjwa huu ni adimu, tutumie fedha kwa magonjwa ya wengi. Kweli ni adimu. Lakini tujiulize uadimu huo tumeupimaje. Uvimbe usio na dalili huonekana kwa altrasaundi nzuri au kwa sitiskani. Pasipo na vipimo hivyo, na pasipo na uchunguzi wa maiti, ugonjwa hauwezi kuhesabiwa, na usiohesabiwa huitwa adimu. Zaidi ya hayo, hakuna anayedai mtambo kwa ajili ya uvimbe wa bandama peke yake. Mrija uleule na mikono ileile huzuia damu ya mama anayevuja baada ya kujifungua, hutibu fibroidi, hufungua mirija ya nyongo iliyoziba, na huiokoa bandama iliyochanika ajalini. Kuhusu ajali, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita katikati ya Same, na anayeishi kando yake hahitaji kuelezwa. Bandama ni miongoni mwa viungo vinavyoumia kwanza mtu anapogongwa tumboni.

Tena tuzisome takwimu zetu wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hayo ni mafanikio makubwa, na wakunga wetu wanastahili heshima. Lakini maana yake ni nini? Kadiri vifo vya sababu za kawaida vinavyopungua, vinavyobaki huzidi kuwa vile vya sababu zilizojificha. Mkakati uliotutoa 556 hadi 104 hautatutoa 104 hadi sifuri. Anayesema tusishughulike na magonjwa adimu ya akina mama anasema, bila kujua, kwamba tumefika mwisho wa safari.

Jibu la pili: kinga ni bora kuliko tiba. Methali hii imetumiwa vibaya sana katika nchi hii. Kuuziba uvimbe kabla haujapasuka ni nini kama si kinga? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami sijui ugonjwa unaoifasiri methali hiyo kwa usahihi kuliko huu. Miongozo ya mabingwa wa mishipa ya damu inashauri kwamba mwanamke aliye katika umri wa kuzaa akigundulika na uvimbe huu atibiwe hata kama ni mdogo, asingojee ukue. Ufa unajulikana, mafundi wa kuuziba wanajulikana, na anayeambiwa angojee ukuta uanguke ni yuleyule wa kila siku.

Jibu la tatu: gharama. Ni kweli koili huagizwa kutoka nje na bei yake si ya mchezo. Mtambo wa picha ni ghali, na ukiharibika fundi hapatikani kwa urahisi. Sipuuzi hayo. Lakini gharama zina pande mbili, na katika vikao vyetu upande mmoja tu ndio huandikwa. Hatuandiki siku za wodini, damu iliyotumika, msimu uliopotea, wala watoto wanne waliobaki bila mama. Na kwa miaka mingi Serikali ililipa fedha nyingi kuwapeleka wagonjwa India. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mwaka 2015, tuliona kwamba mambo tuliyoambiwa hayawezekani nchini yanawezekana. Moyo wa Mtanzania ulipozibuliwa kwa mrija Dar es Salaam, hatukuambiwa ni anasa. Tulipiga makofi. Mrija unaozibua ateri ya moyo na mrija unaoziba ateri ya bandama ni ndugu wa tumbo moja.

Jibu la nne: hatuna wataalamu. Hilo lilikuwa kweli kabisa mpaka juzijuzi. Mwaka 2018 mpango uitwao Road2IR, unaowaunganisha Muhimbili na madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao kutoka nchi nyingine, ulianza kuleta timu za wataalamu kufundisha tiba radiolojia Dar es Salaam. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha fani hiyo katika ngazi ya uzamili, na mwaka 2021 kundi la kwanza likahitimu. Kwa miaka mitatu tu, nchi ambayo haikuwa na mahali pa kumfundishia hata bingwa mmoja wa fani hiyo ikaanza kuzalisha wake yenyewe na wa majirani zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo imetimia kwa maana yake halisi. Swali lililobaki ni la kisiasa. Wahitimu hawa watapangiwa wapi, kwa vifaa gani, na mgonjwa wa Same atawafikiaje?

Hapo ndipo tunapokutana na ukuta ambao haukujengwa na maumbile wala na umaskini, bali na kanuni. Kaya ya Same iliyojiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu sita, na huduma zake zilifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Ngazi inayofuata, ile ya hospitali ya kanda, ndiyo yenye mabingwa. Tazama mantiki yake: bima ilikusindikiza maadamu ugonjwa wako ulikuwa mwepesi, na ilikuaga mlangoni ulipokuwa mzito. Ulifika Moshi, kadi yako ikakubalika Mawenzi, na ulipohitaji kwenda KCMC, mwendo wa dakika chache, ulianza kutafuta fedha taslimu. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1971, na vizazi viwili vya Wapare vimeitazama kama kimbilio la mwisho. Kimbilio lenye kizingiti cha fedha si kimbilio.

Sisemi hakuna kinachofanyika. Mfumo wa m-mama, unaotumia namba ya bure 115, umeokoa akina mama wengi kwa kuwapatia usafiri wa dharura. Kambi za madaktari bingwa zilizoanza kutembelea hospitali za halmashauri mwaka 2024 zimewafikia watu ambao hawakupata kumwona bingwa maishani mwao. Nayapongeza yote mawili. Lakini gari likifika, linampeleka mgonjwa kwa nani? Na bingwa akikaa wiki moja kisha akaondoka, ateri itakayopasuka wiki ya pili itamngoja mpaka arudi? Ugonjwa haufuati ratiba ya kambi.

Chanzo cha haya yote, kwa maoni yangu, ni neno moja tulilolitumia vibaya: msingi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi hii iliamua, kwa haki kabisa, kupeleka afya vijijini. Zahanati zilijengwa, na mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ukaipa fikra hiyo heshima ya dunia nzima. Tukaziita huduma za msingi. Lakini msingi, kwa Kiswahili chetu, ni kitu kinachochimbwa ili nyumba isimame juu yake. Kwa mwananchi wa kijijini tulichimba msingi, tukautandika zege, kisha tukamwambia hapo ndipo nyumba yako ilipoishia, ingia ulale. Kuta na paa tukazijenga mjini. Waasisi wa siasa ile walikusudia kuanzia chini. Sisi tuliorithi ndio tuliogeuza mwanzo ukawa mwisho.

Basi nadai nini? Nadai mambo manne, wala simdai mtu mtambo wa mabilioni katika mji wa Same.

Kwanza, hospitali ya wilaya na hospitali ya Gonja ziwe na altrasaundi yenye uwezo wa kuonyesha mwendo wa damu, na mtu aliyefundishwa kuisoma. Mama mwenye bandama kubwa au ugonjwa wa ini apimwe ateri yake anapokuja kliniki. Wahudumu wa zahanati wafundishwe jambo moja jepesi: mjamzito aliyepata maumivu makali ya tumbo akazimia kisha akazinduka, hajapona. Apelekwe.

Pili, damu. Uvimbe ukishapasuka na mgonjwa akiwa mahututi, mrija huenda usiwahi, na tumbo halina budi kufunguliwa hapohapo wilayani. Kwa hiyo daktari wa upasuaji, mtaalamu wa nusu kaputi na akiba ya damu ni sehemu ya hoja hii, wala si mbadala wake.

Tatu, kila hospitali ya rufaa ya kanda, KCMC ikiwemo, iwe na kikosi cha kudumu cha tiba radiolojia kinachofanya kazi usiku na mchana, ili mgonjwa wa Same asilazimike kusafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Dar es Salaam akiwa na puto linalovuja tumboni.

Nne, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, isiturudishe kwenye kizingiti kilekile. Kitita cha mafao muhimu kimfuate mgonjwa mpaka pale tiba ya ugonjwa wake ilipo. Neno "wote" katika jina la sheria lina maana, au halina.

Najua tutaambiwa tusubiri zamu yetu. Watu wa Same wanajua kusubiri. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe uliahidiwa kampeni baada ya kampeni, na ulizinduliwa Machi 2025, wakati baadhi ya walioahidiwa mwanzo walikwisha kuzikwa. Lakini watu hawa wanajua pia kutosubiri. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi mjini Same kuikataa kodi ya mbiru, kwa sababu ilipangwa bila ridhaa yao na kwa kipimo wasichokielewa. Baadaye wanawake nao waliingia katika mapambano hayo. Hawakuwa na silaha. Walikuwa na swali: nani amewapa ninyi mamlaka ya kutukadiria thamani yetu?

Swali hilo lingali hai. Anayesema kwamba tiba ya matundu madogo ni anasa kwa mwanamke wa Vunta amemkadiria mwanamke huyo, akampangia daraja, na hakumuuliza. Wakati ule kilichokadiriwa kilikuwa mali. Leo kinachokadiriwa ni uhai.

Naomba kuwasilisha.